Harusi Yako Isile Likizo ya Mdogo Wako



Kaskazi imeingia, skuli zimefungwa na kila mtaa una turubali. Msimu wetu huu. Mafundi wa hina hawapatikani, kumbi zimejaa, na kila nyumba ina fundi charahani anayepigiwa simu mara kumi kwa siku kuulizwa sare zimefika wapi. Wakati kama huu mmezoea nikuleteeni habari za singo na vitambaa. Leo sina singo. Leo nataka tugombane kidogo, kwa mapenzi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mtoto wa kike aliyemaliza msingi juzi ana mwezi mmoja na siku kidogo kabla ya kuingia fomu wani. Hizo ndizo siku za mwisho alizonazo za kujitayarisha kusoma kwa Kiingereza. Na sisi wanawake, sisi wenyewe, ndio tunaomnyang'anya. Hatumnyang'anyi kwa ubaya. Tunamnyang'anya kwa sababu tuna harusi.

Najua kwa sababu nimeshafanya.

Nilipoolewa mie, mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza msingi. Harusi ilikuwa mwisho wa Disemba, kama zenu nyingi. Mie nimewekwa ndani, sitoki, napakwa singo na kulala. Mtoto yule ndiye aliyekuwa miguu yangu. Asubuhi yumo na mama kuchambua mchele. Saa nne anapelekwa kwa fundi kuchukua nguo, na nguo haiko tayari, basi anasubiri. Mchana anafunga vijizawadi vya wageni, udi kidogo na peremende ndani ya kitambaa cha neti, utepe wa dhahabu juu yake, mia tatu. Jioni anatwaa mfuko wa kadi, anafuatana na khalati kugawa nyumba kwa nyumba.

Kadi zenyewe niliziagiza kwa Kiingereza. Si kwamba mama alikijua, wala bibi, wala wengi katika walioalikwa. Niliona zinapendeza tu. Siku moja mtoto akaingia chumbani ameshika kadi moja, akaniuliza, "Dada, hili neno 'cordially' maana yake nini?" Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamjibu, "Wewe gawa tu kadi." Ukweli ni kwamba hata mie sikuijua maana yake.

Januari akaingia fomu wani. Mtoto yule msingi alikuwa hatoki katika watano wa mwanzo. Miezi mitatu baadaye nilikwenda nyumbani, nikafungua daftari lake la biolojia. Safi kama msahafu. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula, kila neno limenakiliwa kama lilivyokuwa ubaoni. Nikamwambia, haya nieleze ukurasa huu unasema nini. Akaangalia chini. Hakufahamu hata sentensi moja. Alikuwa anachora Kiingereza, hasomi. Mtihani wa kidato cha pili ulipofika, hakuvuka.

Leo anashona, na anashona vizuri, na riziki yake ni ya halali. Simdharau fundi, na nyote mnajua bila fundi hakuna harusi. Lakini yeye hakutaka kushona. Alitaka kuwa mkunga. Tangu mdogo alikuwa akisema hivyo, tukimcheka. Siku niliyojifungua mwanangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenishika mkono hospitali, na nilimuona anavyowaangalia wauguzi wakipita na majalada yao. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Sisemi harusi yangu peke yake ndiyo iliyomuangusha. Darasa lilikuwa na watoto wengi, vitabu vichache, na mwalimu mwenyewe anahangaika. Lakini hayo mengine mie sikuwa na uwezo nayo. Zile wiki nne nilikuwa na uwezo nazo, na nilizifungia utepe wa dhahabu.

Kinachotokea Januari

Wengi wetu tumesahau mlango ule ulivyo. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zianze kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Kwa hivyo si kwamba mtoto hajapata kukiona. Lakini kukutana na Kiingereza katika vipindi viwili vitatu, mwalimu akikufafanulia kila kitu kwa Kiswahili, ni mbali na kuingia fomu wani ukakuta historia, jiografia, biolojia, kemia, fizikia, uraia, vyote vimegeuka kwa siku moja. Kinachobaki kwa lugha alizozoea ni Kiswahili chenyewe, dini na Kiarabu. Akishindwa Kiingereza, basi hakushindwa somo moja. Ameshindwa karibu yote, hata yale aliyokuwa akiyajua.

Na lugha hii ina mitego yake kwa mtoto wa Kiswahili. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanamme na mwanamke. Wao wana "he" na "she", na mtoto anaandika insha nzima ya mama yake kama mwanamme. Sisi tunaandika tunavyotamka. Ukijua silabi zako unasoma gazeti. Wao wana "though", "through" na "cough", zinafanana kwa macho na kila moja inatamkwa kivyake. Sisi hatuna vile vidude vyao vya "a" na "the" mbele ya kila kitu. Haya hayamuingii mtoto kwa kuambiwa mara moja. Yanamuingia kwa kuyaona na kuyasema mara nyingi, pole pole, akiwa hana hofu ya kuchekwa. Darasani Januari kuna hofu. Nyumbani Disemba hakuna. Ndiyo maana naililia likizo hii.

Kuna wanaosema skuli zetu zifundishe kwa Kiswahili mpaka juu, mtoto asome sayansi kwa lugha anayoiotea ndoto. Mie niko pamoja nao, na ningefurahi kuliona jambo hilo kabla sijafa. Lakini mjadala huo ni mkubwa na wenyewe hawajaumaliza. Januari haiungojei. Mtoto aliyepo leo ataingia katika mlango uliopo leo.

Visingizio vyetu

"Atajifunza huko huko mbele." Shoga yangu, huko mbele hakuna anayefundisha Kiingereza cha kufahamia biolojia. Huko mbele kuna biolojia. Hutamtupa mtu baharini Nungwi ukasema ataijua kuogelea akishafika Pemba.

"Nimeshamlipia tuisheni." Tuisheni si mbaya, na wapo walimu wanaohangaika nayo kwa ikhlasi, Allah awalipe. Lakini tusijidanganye. Mtoto anaingia chumba kimoja na watoto hamsini, anaimba orodha ya vitenzi, anarudi nyumbani anakuta rundo la vyombo na mfuko wa vitunguu, na mpaka kesho yake zile nyimbo zimeshatoka. Tunalipa pesa ili dhamiri ilale. Alichohitaji mtoto ni wakati wa kukaa na alichokisikia, na wakati ndio tuliomnyima.

"Mtoto wa kike lazima ajue kazi za nyumba." Naam, na azijue. Nani amekataa? Lakini tazama ndani ya nyumba yako. Kaka yake aliyemaliza naye yuko wapi saa hizi? Yuko tuisheni, na akirudi anakwenda mpirani. Hakuna aliyemwambia achambue mchele wa harusi ya dada yake. Kama likizo ya mtoto wa kiume ni yake na ya mtoto wa kike ni ya ukoo mzima, basi hiyo si tarbia. Huo ni utumishi, na tumeupaka hina.

"Kiingereza kitamharibu, atajifanya mzungu." Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu tunaiingiza dini mahali ambapo dini yenyewe inasema kinyume chake. Neno la mwanzo kumshukia Mtume wetu (SAW) lilikuwa amri ya kusoma. Mtume (SAW) alimwamuru kijana Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na riwaya inasema haikupita hata nusu ya mwezi akawa ameyaweza, akawa ndiye anayemsomea na kumwandikia barua zao. Nusu ya mwezi! Na Bibi Hafsa, mke wa Mtume na mama wa waumini, aliyemfundisha kuandika ni mwanamke mwenzake, Bibi Shifaa bint Abdillah, na Mtume (SAW) alilijua hilo na akaliridhia. Huyo ndiye kiigizo cha nyumba yetu: mwanamke mkubwa anamkalisha mwanamke mwenzake anamfundisha. Hatukusikia kwamba Bibi Shifaa alimwambia mtu agawe tu kadi.

Kinachoharibu watoto si Kiingereza. Simu tunazowapa ili wasitusumbue, wakae nazo mpaka usiku wa manane, hizo hatuziogopi. Kitabu ndicho tunachokiogopa.

Na jambo moja zaidi, mniwie radhi. Kila mmoja wetu hapa akishika mimba dua yake ya kwanza ni azae salama, na ya pili ni azalishwe na mwanamke mwenzake. Tunaulizana hospitali gani ina daktari wa kike. Tunanung'unika tukimkuta mwanamme. Hao madaktari na wakunga wa kike tunawataka watoke wapi? Hawateremki na mvua. Ni hawa hawa watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, tuliowakalisha leo wafunge peremende. Ukunga unapita katika biolojia na kemia, na biolojia na kemia zinapita katika Kiingereza. Ukiukata uzi huku mwanzo, usiulize huko mwisho kwa nini hakuna nguo.

Tufanye nini, basi?

"Lakini mie mwenyewe sijui Kiingereza, nitamsaidiaje?" Utamsaidia. Kwanza kumbuka kwamba mtoto wako ameshaiweza lugha isiyo yake. Amekwenda chuoni, ameanza na alifu, leo anasoma Qur'ani tukufu na pengine amehifadhi juzuu kadhaa. Alivipata vipi? Hakusoma usiku na mchana kwa wiki moja. Alisoma kidogo kila siku, kwa sauti, mbele ya mtu anayemsikiliza, na jana yake akairudia leo. Njia ni hiyo hiyo. Tumekuwa nayo visiwani hapa karne kwa karne, halafu ikija habari ya Kiingereza tunajifanya hatujui mtoto anajifunzaje.

Mpe saa moja na nusu kila asubuhi, baada ya chai, kabla nyumba haijachangamka. Saa hiyo iwe kama sala, haiguswi. Asitumwe dukani, asiitwe kushika mtoto. Nusu saa ya mwanzo asome kwa sauti. Kitabu chochote chepesi cha Kiingereza, hata cha darasa la nne. Hakuna aibu, anayeanza na kitabu kigumu hufunga ukurasa wa pili. Wewe kaa naye ukichambua mchele wako. Huhitaji kufahamu. Akikwama utasikia kwamba amekwama, kama mwalimu wa chuo anavyosikia. Mwambie arudie.

Nusu saa ya pili awe na daftari la maneno. Maneno kumi kwa siku, siku thelathini, ni maneno mia tatu. Si maneno ya mapambo. Ni maneno ya masomo atakayokutana nayo: "force" ni kani, "fraction" ni sehemu, "erosion" ni mmomonyoko, "evaporation" ni kugeuka mvuke. Na hapa ndipo mama anapokuwa mwalimu. Weka birika motoni. Mwambie akueleze kwa Kiswahili kinachotokea: maji yanachemka, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unapoa, unarudi kuwa matone. Akishalifahamu jambo kwa lugha yake, neno la kigeni linakuwa jina tu la kitu anachokijua. Akilikariri bila kulifahamu, ndiyo lile daftari zuri la mdogo wangu.

Ajifunze pia maneno ya kuulizia mitihani: "define", "state", "explain", "compare". Watoto wengi wanaanguka si kwa kutojua jibu, bali kwa kutojua wameulizwa nini. Ameambiwa ataje, akaeleza ukurasa mzima. Ameambiwa alinganishe, akataja upande mmoja tu. Maneno haya si mengi. Ni ya siku mbili.

Nusu saa ya mwisho aandike mistari mitano ya alichokiona jana. Hapo harusi yenyewe itamfaa. Aandike nani alikuja kupakwa hina, bibi alisema nini, wali ulikuwa wa masufuria mangapi. Mistari mitano kwa siku ni mistari mia na hamsini mpaka skuli ifunguliwe, na anayeandika mistari mia na hamsini ya Kiingereza chake mwenyewe hawezi kuingia fomu wani akiwa bubu. Itakuwa na makosa. Iwe nayo. Kama mna jirani au binamu aliyeko sekondari, amwombe apitie mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo, mchana wote uliobaki, aje afunge vijizawadi na wenzake, acheke, apakwe hina, aonje biriani. Simnyimi mtoto harusi. Nawanyima nyinyi asubuhi yake.

Na wewe biharusi

Sasa nakugeukia wewe uliowekwa ndani, unayesoma haya na singo mwilini. Wewe ndiye mwenye neno msimu huu. Mama anasikiliza unachotaka, makhalati wanasikiliza, hata baba. Ukisema pambo liwe la kijani, linakuwa la kijani. Basi sema na hili: "Huyu mdogo wangu asubuhi aachwe asome." Litafuatwa, kwa sababu ni mwaka wako.

Na unakaa ndani siku saba, wengine zaidi, huna la kufanya ila kulala na simu. Mkalishe pembeni akusomee. Kama wewe ulifika kidato cha nne, una zaidi ya alichonacho. Kama hukufika, someni pamoja. Hakuna aliyesema biharusi asishike kitabu. Itakuwa zawadi yako ya kuondokea nyumbani, na itadumu kuliko picha.

Ukiona vijizawadi mia tatu haviwezekani bila yeye, basi viwe mia, au visiwepo. Walima aliofanya Mtume (SAW) alipomuoa Bibi Safiyya ulikuwa tende, samli na jibini kavu, watu wakila juu ya mkeka wa ngozi, hapana mkate wala nyama. Hakuna aliyeondoka akasema harusi haikupendeza. Kinachotupa presha ni macho ya watu, na hao watu siku ya pili wako kwenye harusi nyingine.

Kuhusu kadi, ukitaka za Kiingereza, sawa, ziagize. Lakini kabla hujamtuma mtoto azigawe, kaa naye akusomee moja kutoka juu mpaka chini, na kila neno mlitafute nyote wawili kwenye kamusi. Mie neno lile nimelitafuta siku hizi. Maana yake ni "kwa moyo mkunjufu". Neno zuri, nililitia kwenye kadi mia tatu nikaalika mji mzima kwalo, na mtu mmoja aliyekuja kuniuliza nikamjibu kwa moyo uliokunjika.

Nimeshamwomba radhi mdogo wangu. Akacheka, akasema, "Yameshapita, dada." Lakini binti yake anaingia darasa la kwanza mwakani, na keshaniambia mapema: likizo za huyu zina mwenyewe.

Allah awabariki maharusi wetu wote, awajaalie mapenzi na huruma baina yao, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.